Mama Pindo na Mtaa Ulioongeza Sauti

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Uliye jikoni, endelea kukoroga, nitakufuata hukohuko. Unayebembeleza mtoto, mbembeleze tu, leo sitapiga kelele. Jioni hii tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Mtaani kwake walimwita Mama Pindo, na sisi tutamwita hivyohivyo.

Mama Pindo alishona sare za shule. Alipigwa risasi jua linazama, akienda kumpelekea mteja sketi. Risasi ile haikuwa yake. Narudia, wasikilizaji wapendwa: risasi haikuwa yake. Ilikusudiwa mtu mwingine, ikamkosa, ikamkuta yeye. Wiki iliyopita mahakama ilitoa hukumu na kijana aliyeifyatua amefungwa. Ungedhani familia imeshusha pumzi. Nimekaa nao, nimekunywa nao chai. Hawajashusha. Mtaa mzima haujashusha pumzi, kwa sababu mtaa ule una jambo limeukaa kooni. Nitalifikia. Nivumilieni, maana nalifikia kwa kujikokota.

Lakini tuanze na uhai wake. Mtu si kifo chake.

Mdogo wake, ambaye naye ni fundi, ananiambia: "Dada alianza kushona kabla miguu yake haijafika kwenye pedeli ya cherehani ya shangazi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa miguu. Nakaa chini ya meza, nasukuma pedeli kwa mikono, yeye yuko juu anaongoza kitambaa. Nikichoka, anagonga meza: 'We injini, umezimika?' Nacheka mpaka uzi unakatika."

Miguu ikakua, ikafika. Akapanga chumba chenye dirisha la barabarani, akaweka cherehani hapo penye mwanga. Kila sare aliyoshona aliikunjia pindo la vidole vinne. Wazazi walilalamika, tena kwa sauti.

"Fundi, hili gauni la mtoto au la bibi yake?"

"Mtoto hakui kwa ruhusa yako, mama. Mwakani usije kunililia."

Mwakani mzazi alifumua pindo, gauni likashuka, likatosha. Hata leo, ukipita mtaa ule watoto wakitoka shule, utaona chini ya sketi zao mstari wa rangi iliyoiva. Ni pale palipokuwa pamekunjwa, jua halikufika. Hapo amepita Mama Pindo. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Mumewe ni mpaka rangi, fundi wa kupaka kuta. Siku ya kwanza alikuja na ovaroli limechanika gotini. Likatiwa kiraka. Wiki ya pili akarudi, limechanika palepale. Wiki ya tatu, tena. Mama Pindo akaligeuza mkononi, akamtazama.

"Kaka, goti lako lina mkasi? Hapa hapakuchanika, pamekatwa. Kama una neno, liseme, uniachie nguo yangu ipumzike."

Akalisema. Wakaoana. Wakapata mabinti wawili.

Sasa mjue mtu mmoja zaidi. Nyumba za mtaa ule zimeungana ukuta kwa ukuta. Mlango wa Mama Pindo na mlango wa jirani yake inatazama kibaraza kimoja. Jirani huyo anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, kwa hiyo tumwite Mama wa Mikate. Ana watoto wadogo wawili, na mkubwa mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari. Mumewe alikwenda kutafuta kazi. Kazi ikampata, nyumbani akapasahau.

Siku alipohamia pale, Mama Pindo alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akamwambia: "Nina kaka yangu hajaoa. Kwa hiyo kuanzia leo wewe ni wifi yangu, mpaka yeye mwenyewe akatae." Yule kaka alikwenda kuoa kwingine, wala hakujua kwamba alishaozwa. Lakini "wifi" ilibaki. Wifi, chumvi imeniishia. Wifi, mvua hiyo, anua nguo. Hawakuitana hata kwa simu. Mmoja alipiga ukuta kwa kiganja, mwenzake akajua.

Sasa nieleze desturi ya mtaa ule. Sijui ilianza na nani, na niliowauliza kila mmoja alimtaja aliyekwisha kuhama. Mlio wa bunduki ukisikika, mama mmoja anasema, "Ongeza!" Redio inaongezwa sauti. Nyumba ya pili inaongeza. Ya tatu inaongeza. Kufumba na kufumbua mtaa mzima unaimba. Watoto wadogo wa pale hawaujui mlio wa bunduki. Wanajua tu kwamba jioni nyingine mama hufurahi ghafla, huongeza redio na kusema chezeni. Nao hucheza.

Mimi ni mzazi. Nimeielewa desturi ile mara moja, kabla hata hawajamaliza kunieleza. Ningeongeza na mimi.

Lakini nguo ina bitana. Kwa nje desturi ile ilikuwa huruma kwa watoto. Kwa ndani ilikuwa jibu la kumpa polisi. "Afande, sisi hatukusikia kitu. Redio ilikuwa juu." Maana aliyesema alisikia, jioni yake alitembelewa na wenye bunduki. Na asipotembelewa na hao, alitembelewa na wenye pingu, akaulizwa mambo kana kwamba yeye ndiye aliyefyatua.

Mdogo wa marehemu hataki nifiche kitu. "Msimfanye dada yangu malaika," anasema. "Yule muuza viatu alipopigwa risasi pale kona, mimi nilikuwa kwa dada, nimeshika mkasi. Dada aliongeza redio. Nikamwambia, dada, kuna mtu analia. Akaniambia, 'Shona.' Jioni ile hakugusa chakula. Lakini mlango hakuufungua."

Muuza viatu alikufa. Kesi yake haikufika popote. Hakuna aliyesikia.

Sasa tufike jioni yenyewe.

Mpaka rangi alikuwa kazini. Siku hizo alikuwa akipaka rangi ofisi fulani, na ofisi hupakwa makarani wakishatoka. Mabinti walikuwa kwa mama yao mdogo. Mama Pindo akamaliza sketi, akaipiga pasi, akaikunja. Futi yake ya kupimia, ile ya kitambaa, ilikuwa shingoni kama kawaida. Akafunga mlango, akapita dirishani kwa jirani.

"Wifi, nafika hapo mbele ya kona narudi. Niangalizie moshi. Pasi nimeichomoa, lakini siiamini."

"Wewe na pasi yako! Nenda, ikiungua nitakuita ushuhudie."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho ya ana kwa ana.

Pale kona vijana walikuwa wanagombana. Kisa cha ugomvi kimesimuliwa mahakamani kwa namna nyingi, na hakuna hata namna moja inayolingana na thamani ya mtu. Kijana mmoja, anayejulikana kwa jina la Chaji kwa sababu alikuwa na kibanda cha kuchajia simu, akatoa bastola. Akafyatua. Aliyelengwa akainama, akakimbia. Mama Pindo akapigwa pajani.

Mtaani mtu akasema, "Ongeza!"

Na redio zile, wasikilizaji wapendwa, zilikuwa zinasema nini? Zilikuwa zinasema mimi. Ilikuwa saa ya kipindi hiki. Jioni ile tulikuwa tunamkumbuka mwalimu wa kwaya, na tulipiga nyimbo zake. Nilikuwa hapahapa studio, vipokea sauti masikioni, namwambia fundi mitambo wetu: "Hiyo kwaya ipandishe kidogo, inapendeza."

Mama Pindo aliinuka. Alitoa futi shingoni, akajifunga juu ya jeraha, kwenye paja. Akatembea kurudi nyumbani. Funguo zilimdondoka njiani, kwa hiyo mlango wake mwenyewe haukuwa na maana. Akageukia mlango wa wifi yake. Akaupiga kwa kiganja. Akaita.

Mlango haukufunguliwa.

Mumewe alimkuta kibarazani aliporudi. Mikono yake ilikuwa na rangi nyeupe, na alama za mikono ile zilibaki kwenye blauzi ya mkewe mpaka walipofika hospitali. Daktari alimketisha, akamwambia taratibu: "Alijifunga mahali penyewe kabisa, hata mimi ningefunga hapo. Ila nguvu za kukaza zilikuwa zimemwishia. Angepata mtu wa kumkazia na kumkimbiza hapa, pengine tungekuwa tunazungumza mengine."

Mtu wa kumkazia. Hakuhitaji daktari pale mlangoni. Hakuhitaji shujaa. Alihitaji mkono wa pili.

Asubuhi yake polisi walikuja na gari kubwa. Hawakuuliza, walizoa. Kila kijana aliyeonekana amesimama alipandishwa. Mtoto mkubwa wa Mama wa Mikate, yule wa ufundi wa magari, alikuwa anatoka kwenda gereji na chupa yake ya chai. Naye akazolewa. Alikaa ndani, akarudi hana kosa lolote, na sikio la kushoto halisikii tena. Nawauliza wasimamizi wetu wa sheria, kwa heshima zote: mkono ukishampiga mtu sikioni, utamwomba asikilize nini?

Kwa hiyo mtaa ukafunga mdomo kwa kufuli mbili. Moja ya kuwaogopa wenye bunduki, nyingine ya kuwaogopa wenye pingu.

Chaji alikamatwa baadaye, kwa minong'ono tu. Kesi ikaanza. Mwendesha mashtaka, mama mmoja mwenye subira, akawaita wakazi mmojammoja. Wakasimama, wakaapa, wakasema.

"Redio ilikuwa juu, mheshimiwa."

"Na wewe?"

"Ilikuwa juu, mheshimiwa."

"Na wewe, mzee?"

"Juu sana, mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. "Ninyi mnasikiliza redio gani hii inayoishinda bunduki?"

Yule mzee, muuza magazeti, akajibu kwa adabu: "Kipindi cha kumbukumbu, mheshimiwa. Ni kizuri sana, hukisikilizi?"

Watu walicheka. Mwenzenu nilipopashwa habari hiyo sikucheka. Nilikwenda mahakamani kikao kilichofuata, nikakaa nyuma. Hapo nikaona kitu kingine. Kwenye benchi la mwisho walikaa vijana wa kundi la Chaji. Kila shahidi alipopita walimtazama usoni, kisha wakatazamana. Basi. Hakuna sheria inayokataza kutazama.

Jaji alisema wazi: kikao kinachofuata ni cha mwisho. Asipopatikana aliyeona au kusikia, mshtakiwa ataachiwa. Yaani Mama Pindo naye aende njia ya muuza viatu. Amekufa, na hakuna aliyesikia.

Mumewe hakwenda kwa mwanasheria. Alitoka kazini na ovaroli lake, akapiga hodi mlango wa pili. Haya ninayowasimulia wameniambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wameruhusu niyaseme.

Mama wa Mikate alifungua.

"Shemeji! Karibu ndani. Watoto, mpisheni baba kiti."

"Sikai, shemeji. Nina rangi."

"Kiti hakina macho. Kaa."

Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Chai?"

"Nimeshakunywa." Hakuwa amekunywa. Wote walijua.

"Shemeji," akasema mpaka rangi, "jioni ile redio ilikuwa juu."

"Ilikuwa juu, shemeji. Nilishawaambia polisi."

"Juu sana."

"Sana."

"Walikuwa wanasema nini?"

"Nani?"

"Redioni. Redio juu kiasi hicho, mtu hakosi kuambulia hata neno moja. Walikuwa wanamkumbuka nani?"

Mama wa Mikate alifungua mdomo. Ananiambia: "Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Sikupata. Si wimbo, si jina, si neno. Redio ilikuwa inapiga kelele pembeni yangu na mimi sikuambulia kitu, kwa sababu masikio yangu yote mawili yalikuwa mlangoni."

Mpaka rangi akasimama.

"Basi," akasema. "Nilitaka tu kujua kama alikufa peke yake."

Akafika kizingitini. Hapo nyuma yake akasikia sauti ya jirani, ndogo kabisa.

"Hakuwa peke yake, shemeji. Nilikuwepo. Nilikuwa upande huu wa ubao."

Mpaka rangi alitoka, akaingia kwake, akafunga mlango. Mama wa Mikate alibaki pale pale mpaka watoto walipomuuliza kwa nini hawali.

Kulikuwa na mtu wa kumuuliza kabla ya kwenda mahakamani. Mtoto wake mkubwa. Maana akisema, si yeye atakayefuatwa kwanza. Alimwambia yote. Kijana alimgeuzia sikio zima, akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nenda, mama. Wakija kunipiga, waambie wapige hilihili la kushoto. Lingine bado nalihitaji." Mama yake alimpiga kofi la begani, akalia, akacheka, akalia tena.

Mwendesha mashtaka aliomba shahidi huyu asikilizwe nyuma ya pazia, na lile benchi la mwisho liondolewe watu. Jaji akakubali yote mawili. Pazia likafungwa, la kitambaa kizito cha kijani. Mama wa Mikate akafikishwa nyuma yake. Na akatoka. Akasogea mbele ya pazia, akasimama waziwazi.

"Mama, hili ni kwa usalama wako," jaji akamwambia.

"Naelewa, mheshimiwa. Asante. Lakini nilishajificha mara moja."

Akasema. Alisikia mlio. Akaongeza redio, watoto wakaanza kucheza. Akachungulia pembeni mwa pazia la dirisha. Akamwona Chaji anakimbia, bastola mkononi. Mwisho wa safu ya nyumba palikuwa na mtu juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma. Mtu yule alinyoosha kiganja. Chaji akamkabidhi bastola, "kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani," ndivyo alivyosema. Pikipiki ikaondoka na bastola. Chaji akaondoka kwa miguu.

Kisha akasikia kiganja mlangoni. Akasikia, "Wifi." Akasikia tena, "Wifi, nifungulie, nimeumia."

"Ukafanya nini?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Nikaongeza tena."

Mwendesha mashtaka akaketi.

Wakili wa utetezi aliinuka. Alikuwa anafanya kazi yake, simlaumu. "Mama, wewe na majirani zako wote mmesema redio zilikuwa juu. Juu sana. Sasa leo unatuambia ulisikia mlio, ulisikia mlango, ulisikia hadi maneno. Utasikiaje, na redio iko juu?"

Mama wa Mikate akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza swali lenye jibu lililo wazi.

"Wakili, niliongeza kwa sababu nilisikia. Mtu asiyesikia anaongeza ya nini?"

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa pale. Niliona maneno yale yakitembea kwenye mabenchi. Kila aliyesema "redio ilikuwa juu" alikuwa ameshakiri, wala hakujua. Yule mzee muuza magazeti alisimama bila kuitwa, kofia mkononi. "Mheshimiwa, na mimi niliongeza." Jaji akamwambia aketi, ataitwa kwa utaratibu. Hakuketi. Ilibidi ashikwe mkono.

Alikuja kuitwa. Na wengine wawili waliitwa, hao wakasemea nyuma ya pazia, na hakuna aliyewaona wana upungufu. Si kila mtu ana moyo wa kusimama mbele, na haki haipaswi kungoja mashujaa. Pazia lile liwepo kila mahakama, siku zote, bila mwendesha mashtaka kupiga magoti kuliomba.

Chaji alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Alipoulizwa kama ana neno, alishika ukingo wa kizimba, akasema: "Kaptula yangu ya kwanza ya shule alinishonea yeye." Mama yake, aliyekaa peke yake kwenye benchi zima, alijifunika uso kwa mtandio.

Kabla ya adhabu, mume wa marehemu alipewa nafasi ya kusema. Alikuwa amevaa shati jeupe, na pembeni ya kucha zake rangi ilikuwa haijatoka. Alisema hivi, nimeyanakili neno kwa neno:

"Mheshimiwa, huyu mfunge. Amekosa, na yeye anajua. Lakini huyu hakutengeneza bastola. Hakuinunua. Alipewa, akaitumia, akairudisha. Mkimfunga yeye peke yake, mtu atalala ndani na bastola italala nje. Na aliye nje si mtu wa kukosa kijana mwingine wa kumpa. Kila mtu hapa ameulizwa redio ilikuwa juu kiasi gani. Hakuna aliyeulizwa bastola ilitoka wapi."

Jaji aliandika. Alichukua muda kuandika. Akatoa kifungo, na akaagiza uchunguzi wa pikipiki ile uanze upya. Mpaka naingia studio jioni hii, bastola haijapatikana, na mwenye pikipiki hajaulizwa hata jina.

Ndiyo maana nasema hawajashusha pumzi.

Mama wa Mikate amehama. Hakuna ofisi iliyomhamisha, amejihamisha mwenyewe na masanduku yake, kwa sababu baada ya kusema aliambiwa asante na kuonyeshwa mlango. Binti mkubwa wa Mama Pindo hamwamkii. Walipokutana barabarani, alivuka upande wa pili. "Ana haki," Mama wa Mikate ananiambia. "Mimi mwenyewe ningevuka, kama ningeweza kujikimbia." Nilimuuliza kama kusema kulimpunguzia mzigo. "Hapana. Ila zamani nilikuwa nimeubeba huku nakana kwamba nimebeba."

Na mdogo wa marehemu? Nilimuuliza kama amemsamehe jirani. Alikuwa anashona. Hakusimamisha cherehani.

"Bado. Na mimi bado sijajisamehe. Niliambiwa 'shona', nikashona."

Lakini jambo moja limebadilika, na naomba mnikubalie nilishike, kwa sababu nina mtoto ninayetaka akue. Mwezi uliopita, hukumu ikiwa bado inangojewa, mlio ulisikika tena pale kona. Mama mmoja akasema, "Ongeza!" kwa mazoea. Na mwenzake, kutoka dirisha la pili, akapiga kelele: "Zima! Zima tusikie ni nani!" Redio zikazimwa, moja baada ya nyingine. Watu wakatoka wengi kwa pamoja, hakuna aliyetangulia peke yake. Walimkuta kijana ameanguka, wakamfunga mguu, wakambeba. Yuko hai. Waliompeleka hospitali wamekubali kuandikisha maelezo, kwa masharti ya pazia. Mzee wa magazeti ndiye aliyekwenda kuyadai masharti hayo, akiwa amevaa tai.

Kwa mume wa Mama Pindo, kwa mabinti wake, kwa mdogo wake aliyekuwa miguu yake: kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Pole kwa jamaa wa muuza viatu, ambaye kesi yake inaweza bado kufunguliwa, na ombi hilo tunalitoa hewani kwa sauti. Pole kwa mama yake Chaji, ambaye hakuna aliyekaa naye. Na kwako, Mama wa Mikate, popote ulipo, sijui kama neno ni pole. Neno lolote litakalokufaa, pokea.

Wasikilizaji wapendwa, huwa tunamaliza kwa wimbo. Leo hakuna wimbo. Nimeomba dakika moja ya kunyamaza, na fundi mitambo wetu ananitazama kwenye kioo kana kwamba nimepungukiwa na akili. Kwetu sisi redio kunyamaza ni aibu. Mtadhani imeharibika. Haijaharibika. Msitafute kituo kingine. Kaa hapo ulipo, na katika dakika hiyo sikiliza mtaa wako. Sikiliza ukuta wa jirani. Ukisikia mtu anaita, usinisubiri mimi.

Nanyamaza sasa.